Kabati la Wasiokuwa na Sanduku

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoletewa mezani barua ya kuulizia kaburi la mtu aliyekuwa hai. Mtu huyo hakufa kwa homa wala kwa ajali. Nilimuua mimi, kwa muhuri wa mpira na wino wa zambarau, nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri, na shahada yangu ya chuo kikuu imetundikwa ukutani nyumbani kwa baba.

Usishituke. Nitakusimulia polepole, maana mama yako ameniambia umepata kazi, na kazi yenyewe ni kupitia matumizi ya kampuni na kusema huduma ipi ibaki na ipi ikatwe. Nilipolisikia hilo nilicheka. Kazi hiyo niliifanya mimi bibi yako kabla mama yako hajazaliwa, hapa hapa Dubai, nikivuka na abra, ile mashua ya abiria, kila asubuhi kutoka Deira hadi Bur Dubai.

Idara ya posta na telegramu wakati ule ilikuwa changa kama nchi yenyewe. Rangi ya ukutani ilikuwa bado inanuka. Magunia ya barua yalishushwa mlango wa nyuma, na mbele kulikuwa na madirisha matatu. Dirisha la kwanza liliuza stempu. La pili lilikuwa la telegramu, na nyuma yake mashine ilipiga kelele tangu asubuhi. Kila neno lililopita pale lilikuwa na bei yake, basi watu walisimama wakihesabu maneno kwa vidole, wakafuta "mpenzi" wakaacha "salamu". Mpaka leo nikinusa gundi au lakiri ya moto, moyo wangu hurudi pale bila kuniaga.

Dirisha la tatu halikuwa na kibao. Lazima ufahamu kwamba barua hapa haikupelekwa mlangoni kwa mtu. Hata nyinyi wa leo, wengi wenu mnatumia sanduku la posta la kampuni. Wakati ule mwenye duka alikodi sanduku lake, na mfanyakazi alitumia la kafeel wake, yaani mdhamini wake, ikiwa kafeel ni mtu mwema. Asiyekuwa na sanduku wala kafeel mwema alikwenda dirisha la tatu, kwa Mzee Mbarouk.

Mzee Mbarouk alikuwa mtu wa Unguja kama sisi, mwenye kofia ya viua na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nyuma yake palikuwa na kabati la mbao, na ndani ya kabati barua zilizoandikwa "Kwa Hamisi mpishi, Dubai", au "Imfikie Bi Tatu aliyekuja na watu wa Lamu". Yeye alimjua Hamisi yupi na Tatu yupi. Asiyejua kusoma alimsomea, asiyejua kuandika alimwandikia. Kanuni ilisema barua ikae mwezi mmoja, kisha irudishwe ilikotoka. Mzee Mbarouk alizikalisha hata mwaka.

Na mimi nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilihoji kwa nini gunia lipimwe mara mbili. Nilihoji kwa nini mudiri, mkuu wetu, anywe kahawa kabla ya kutia saini. Nilihoji hata methali. Mtu akiniambia penye wazee haliharibiki neno, nilimwuliza, basi maneno yote yaliyoharibika duniani yaliharibiwa na watoto? Watu walicheka, nami nikazidi.

Mudiri akanipa vitabu vya mapato na matumizi akaniambia nitafute panapovuja. Kilichoingia kilitokana na stempu, maneno ya telegramu na kodi ya masanduku. Nikatafuta kwa siku tisa, nikaona matobo mawili. Tobo la kwanza lilikuwa kabati la Mzee Mbarouk. Linakula mshahara wa mtu mzima na robo ya chumba, haliingizi kitu, tena linawafanya watu wasione haja ya kukodi sanduku. La pili lilikuwa telegramu ya salamu. Hii ilitumwa kama nyingine, ila ilipofika iliandikwa juu ya karatasi ya maua na kutiwa katika bahasha ya rangi. Watu waliipenda kwa Idi na harusi. Karatasi zenyewe zilikuwa ghali. Nikaandika hivi katika ripoti yangu, na maneno nayakumbuka kama niliyaandika jana: "Habari ni ile ile. Ua haliongezi kitu."

Mudiri alisoma kurasa zote nne. "Mumtaz, kazi bora," akasema. "Khalas, kabati lisafishwe kwa mujibu wa kanuni. Karatasi za maua zilizopo zikiisha, hatuagizi nyingine."

Siku ile ile Mzee Mbarouk alikuja mezani kwangu.

"Bi Zuwena, nasikia umeniandika."

"Sikukuandika wewe, Mzee. Nimeandika kabati."

"Haya. Ushawahi kukaa pale dirishani pangu, hata saa moja?"

"Hesabu hazitaki nikae dirishani."

"Mwanangu, kitanda usichokilalia..."

"Hujui kunguni wake," nikamkatiza. "Naijua, Mzee. Lakini leo tunazungumza matumizi, hatuzungumzi kunguni."

Makarani wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, nikadhani nimeshinda.

Kazi ya kusafisha kabati niliifanya kwa mkono wangu. Nilizichambua barua zilizopita mwezi, nikazipiga muhuri wa kurudishwa, moja baada ya moja. Nikafikia tatu zilizofungwa pamoja kwa uzi mwekundu, mwandiko mmoja, zote kutoka Mombasa: "Kwa Salim Mwinyi, mpishi, Dubai."

"Hizo ziache," akasema Mzee Mbarouk. "Huyo atakuja."

"Lini?"

"Akija."

"Akija si tarehe, Mzee."

Nikapiga muhuri mara tatu. Zikaenda.

Ikapita miezi. Kabati likawa na nafasi, na Mzee Mbarouk akawa na muda wa kufuta miwani yake. Ndipo ikaja Jumamosi ile. Mzee aliweka barua mbele yangu, wazi. Ilikuwa imetumwa kwa Karani Mkuu wa Posta, Dubai. Mwandishi alikuwa shemeji yake Salim.

"Baada ya salamu," ilisema, "tumezipokea barua zetu tatu hazikufunguliwa, nasi tumefahamu. Tunaomba mtujulishe ndugu yetu Salim Mwinyi alifariki tarehe gani, na amezikwa wapi. Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume, tumempa jina la baba yake. Ikiwa mauti yalitangulia uzazi, eda yake imekwisha kwa kujifungua. Ikiwa uzazi ulitangulia, itambidi aikae miezi minne na siku kumi. Tunaomba tarehe kwa haraka, kwani watu wameanza kubisha hodi kwa posa."

Wewe wa leo utauliza, watu hawa wamejuaje kwamba amekufa, kwa barua kurudi tu? Nami ningeuliza. Lakini pwani yetu wakati ule aliyehama alijulikana alikohamia, na aliyefungwa aliandikiwa huko huko alikofungwa. Barua iliyorudi haikufunguliwa ilikuwa sawa na nguo za mtu zilizoletwa nyumbani ndani ya furushi. Hakuna aliyehitaji maelezo. Na katika mtaa wao baba akiwa hai hakumpa mwanawe jina lake mwenyewe. Jina la baba alipewa aliyezaliwa yatima.

"Mzee," nikasema, "huyu mtu amekufa?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyemrudisha."

Hilo tu, mwanangu. Ndilo karipio kali kuliko yote niliyopata maishani, na alilisema bila kupandisha sauti.

Nikasimama. "Nipige telegramu sasa hivi. Niseme yuko hai."

"Una hakika?"

Sikuwa nayo.

"Ukimfufua mtu kwa telegramu kisha ikawa kweli keshakufa, utakuwa umemuua mara mbili. Kwanza tumwone." Akavua miwani. "Anapika kwenye kambi ya wachimba visima. Huja mjini na gari la maji kila miezi mitatu, minne. Mara ya mwisho alikuja kabla ya Ramadhani. Nasikia kambi imesogea ndani zaidi."

Hayo yote hayakuwa katika kitabu chochote nilichokipitia kwa siku tisa.

Kaka yangu alikuwa na gari la mizigo. Adhuhuri ofisi ilipofungwa tukatoka watatu, lami ikaisha upesi, na baada ya hapo ilikuwa mchanga na alama za magurudumu ya waliotangulia. Mimi niliyehoji mpaka dua, njia nzima nilisoma kila nilichofunzwa madrasa, na nilichosahau nilikisoma nusu.

Tulifika baada ya alasiri. Tukamwuliza mtu wa kwanza, mpishi yuko wapi? Akatuonyesha moshi. Pembeni ya moshi alikuwepo mtu mfupi, taulo shingoni, amechutama anamenya vitunguu.

Aliinua kichwa. "Mzee Mbarouk? Na lile dirisha lako umemwachia nani?"

Halafu uso ukambadilika. Mtu wa posta hafungi safari ya jangwani kuleta salamu. Akasimama na kisu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Wewe," akasema Mzee Mbarouk.

"Mimi?"

"Wewe, Salim. Mombasa wanaulizia kaburi lako."

Salim akajitazama miguu. Kisha akapasuka kwa kicheko, akawaita wenzake. "Nyinyi! Yalla, njooni! Kumbe siku zote mnakula chakula cha maiti!" Wakaja, wakacheka, mmoja akamfinya mkono kuhakikisha. Kilipopoa kicheko akauliza, "Na aliyenizika ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Nikamweleza kabati, kanuni, muhuri, barua tatu zenye uzi mwekundu. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Alibaki akigeuzageuza kitunguu mkononi.

"Kwa hivyo ziliandikwa," akasema. "Nilikuja kwako kabla ya Ramadhani, Mzee, ukaniambia bado. Nikasema mke wangu kanisahau. Safari ya pili ya gari la maji nikawaambia wenzangu nendeni, mimi sina cha kufuata mjini."

Tazama, mwanangu. Alipokuja, barua zilikuwa bado baharini. Na siku aliyokataa kupanda gari la maji ndiyo zilikuwa kabatini, zinamngoja, na mimi nipo njiani na muhuri wangu.

Hakujua kusoma, basi nikamsomea ile ya shemeji yake. Alisikiliza habari za kifo chake akitabasamu. Nikafika pale pa mtoto.

"Rudia hapo," akasema.

"Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume."

"Rudia."

Nikarudia. Mara tatu kwa jumla, idadi ile ile ya mihuri niliyopiga. Hakuwa akijua hata kwamba mkewe alikuwa mjamzito. Hayo ndiyo yaliyokuwamo ndani ya barua tatu. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa kitunguu kilikuwa bado mkononi, wenzake walimwachia kisingizio hicho.

Tulirudi naye mjini. Asubuhi ya pili nilifika dirishani kabla halijafunguliwa, nikasema nataka telegramu ya haraka kuliko zote, na nalipa mimi.

"Ya kawaida hiyo usitume," akasema Mzee Mbarouk. "Nyumba ile inangoja tarehe ya kifo. Tarishi akibisha na bahasha ya kawaida, nani atathubutu kuifungua? Watapiga yowe kwanza, wataita jamaa, wataifungua jioni. Na mama yake Salim ni mtu mzima, moyo wake hauwezi." Akavuta fomu nyingine. "Tuma ya maua. Hakuna anayetangaza msiba kwa maua."

Nikainamisha kichwa. Hakunikumbusha nilichoandika katika ripoti. Ningekuwa mimi ningemkumbusha.

Salim alihesabu maneno kwa vidole kama wote. NIKO HAI. NAPIKA. BARUA ZILIPOTEA NJIANI. NAJA. SALIM.

"Hazikupotea njiani," nikamwambia. "Nilizirudisha mimi. Sema kweli."

"Andika zilipotea njiani, dada. Kweli yenyewe ndefu, na kila neno lina bei."

"Na hiyo njia," akasema Mzee Mbarouk bila kuinua macho, "imekaa meza ile pale, ina kiti kizuri."

Tukacheka sote, mimi huku nalia.

Siku ya pili jibu likaja, nalo lilikuwa la maua. Mikono yangu ndiyo iliyoliandika juu ya karatasi zile zilizokuwa zimebaki chache. ALHAMDULILLAH. TARISHI KALISHWA HALUA. JINA LA MTOTO TULIBADILISHE AU LIBAKI.

Nikamsomea Salim. "Libaki," akasema. "Tutakuwa wawili, mkubwa na mdogo."

Ndiyo maana yuko Mombasa mtu anayeitwa Salim Salim. Cheti chake cha shule, cheti cha ndoa, pasi ya kusafiria, vyote vimebeba kosa langu. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Mengine huota mti mahali yalipomwagikia, lakini hiyo ni rehema ya Mungu, usiihesabu katika mipango yako.

Nilimwandikia mudiri ripoti ya pili, nusu ukurasa. Nilieleza nilichofanya, nikaomba mambo mawili: kabati lirudi, na mimi nihamishiwe dirisha la tatu.

"Ulisema linavuja," akasema.

"Nilisema, sir. Nilikuwa sijakaa pale."

Alinung'unika, akanywa kahawa yake, akatia saini. Nilikaa na Mzee Mbarouk miaka mitatu. Hapo ndipo nilipoona ambacho vitabu havikunionyesha, kwamba mtu akipokea barua hujibu, na akijibu hununua karatasi na stempu, na mara nyingi hununua pale pale, machozi hayajakauka. Stempu hizo ziliandikwa katika mapato ya dirisha la kwanza. Nilikuwa nimeyasifu matunda ya mti na kutaka kuikata mizizi yake. Nilimwambia Mzee Mbarouk uvumbuzi huo kwa furaha kubwa. Akasema, "Hongera. Na kama wasingenunua hata moja?" Jibu lake nalitafuta mpaka leo.

Yeye ametangulia mbele ya haki. Jengo halipo, mashine za telegramu zimenyamaza, na pale nilipopiga mihuri nadhani sasa panauzwa vitambaa. Siwezi kukuambia kwamba zamani kulikuwa bora. Barua ya wiki tatu leo ni ujumbe wa kupepesa jicho, na simdanganyi mtu kwamba ninazililia zile wiki tatu. Ninalolililia ni lile dirisha, na mtu aliyekaa nyuma yake akijua Hamisi yupi.

Sasa nikuusie, mwanangu.

Sikuambii uache kuhoji. Asiyehoji hupelekwa kama gunia. Mimi hadi leo nahoji, na daktari wangu shahidi. Lakini nilipokuwa kijana nilihoji nikiwa nimekaa, nikiviuliza vitabu, na vitabu vina adabu mbaya ya kukujibu kile tu ulichoviuliza. Wakikupa orodha ya huduma za kukata, usipige muhuri siku hiyo. Nenda ukakae pale. Kaa kwa yule mama anayepokea simu za wazee wasiojua kutumia programu zenu, kaa na dereva wa basi lile linalokwenda International City likiwa nusu tupu. Muulize anayehudumia ni nani anayekuja, nani aliyezoea kuja akaacha, na nani anayetarajiwa. Mtu ambaye hajafika bado hana mstari katika hesabu yoyote. Usione vyaelea, vimeundwa, na waliounda mara nyingi wako dirishani, wamevaa miwani ya uzi, wanangoja mtoto mwenye shahada awaulize. Ukishakaa na kuona, ukitaka kukata, kata. Yapo ya kukatwa. Na ukikosea, sema ni mimi kabla hujaulizwa, kisha wewe mwenyewe panda gari uende huko ilikotokea hasara.

Kila Idi simu yangu hulia, na mwanamume mwenye mvi huniambia kwa sauti ya Kimvita, "Shikamoo, muuaji wa baba yangu!" Nami humwitikia, nikamwuliza watoto hawajambo. Mwaka huu aliniambia mjukuu wake amezaliwa, na wamemwita Mbarouk.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe akili ya kuuliza na miguu ya kwenda kuangalia. Akukutanishe na mzee atakayekukosoa bila kupandisha sauti. Na akuepushe, wewe na kizazi chako, na kuirudisha barua ya mtu aliye hai. Amin.